Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Msanifu alikuwa na mdomo mkali kwa yeyote aliyegusa jengo la zamani kwa saruji. Kazi yake miaka yote ilikuwa hiyo: kuchukua nyumba zilizochoka na kuzipa shughuli mpya bila kuzivua sura zake. Ghala bovu alishaligeuza maktaba. Sasa alikuwa amepewa nyumba ya tajiri mmoja aliyekufa bila mrithi, aifanye zahanati ya watoto. Fundi wake wa lipu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mrefu, mwembamba, kila mtu akimwita Sindano. Dada mtu alimbeba mgongoni utotoni, na kwa hasira na mapenzi yale yale aliendelea kumbeba ukubwani.

Lipu ya chokaa haishiki kwenye ukuta mkavu. Lazima uuloweshe kwanza, ushibe. Asubuhi hiyo jua lilikuwa zuri na redio ya mafundi ikiimba. Sindano alimwagia maji ukuta wa chumba cha nyuma, akainama kuchukua mwiko wake. Alipoinuka, ukuta ulikuwa mkavu kama unga.

"Dada, huu una kiu."

"Na wewe una uvivu. Ongeza maji."

Aliongeza. Ndoo juu ya ndoo, kisha mpira wa maji kutwa nzima. Sakafu haikulowa. Upande wa nje halikutoka hata tone. Mafundi wakaacha utani, mmoja akazima redio. Sindano aliweka sikio ukutani, akarudi nyuma taratibu.

"Unameza," alinong'ona.

Msanifu alitamani kuuacha ukuta ule. Lakini siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia, na wageni walishaalikwa. Akaamuru jambo ambalo angemfukuzia kazi mtu mwingine.

"Piga saruji," alisema, bila kumtazama mdogo wake usoni. "Tuuzibe."

Sindano akapiga. Saruji ilishika vizuri, na dada mtu akalala usingizi wa pono.

Kulipokucha, wifi yake alipiga simu akilia. Sindano alikuwa amemaliza maji yote ya nyumbani na bado anaomba. Hospitali walipima damu, wakamtundikia dripu, hawakuona ugonjwa. Midomo ilimpasuka. Ngozi ya mikono ikaanza kubanduka, nyeupe. Msanifu alimshika kiganja, na alipokiachia, mkono wake mwenyewe ulikuwa na vumbi.

"Dada," alinong'ona Sindano. "Kuna kitu kinaninywa."

Msanifu hakuaga mtu. Alikimbia hadi kwenye jengo, akachukua nyundo na patasi, akaanza kubandua ile saruji peke yake, mchana kweupe, akilia na kuomba radhi. Bonge la kwanza likaanguka. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Ulikuwa na uvuguvugu. Tone moja likamrukia mdomoni.

Lilikuwa la chumvi.

Alibandua mpaka vidole vikatoka damu. Kisha akafungulia mpira wa maji.

"Kunywa haya," alisema. "Muache yule."

Ukanywa. Simu ikaita. Ni wifi yake: Sindano ameketi kitandani, anataka chakula.

Zahanati ilifunguliwa, chumba cha nyuma kikabaki na kufuli. Ufunguo anao msanifu, na kila siku huingia mwenyewe na ndoo zake. Wauguzi wanamcheka chinichini, lakini hakuna anayethubutu kuuliza. Sindano yu mzima, hata amenenepa kidogo. Ila hatoki jasho tena, hata akikoroga mchanga juani.

Mama yao alipofariki, Sindano alilia mpaka sauti ikamkauka. Waombolezaji walimwonea huruma. Dada yake alimtazama usoni, hakuona chozi. Walipotoka makaburini alipitia zahanati, akafungua kufuli. Ukuta wote ulikuwa mkavu, isipokuwa michirizi miwili ya maji iliyoshuka sambamba. Ilianzia juu ya kichwa cha msanifu, usawa wa macho ya Sindano, na ilikuwa bado inatiririka.