Kifuniko Kilichogoma

Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu kila kazi aliifanya mbiombio ili awahi kuruka kamba na wenzake. Jumamosi hiyo mama yake, fundi cherehani, alikwenda kumpelekea mteja gauni. Kabla ya kutoka alimwagiza binti yake aipue maharage yakiiva, na akiache kifuniko wazi kidogo mpaka yapoe.

Chapuchapu aliipua sufuria ikifuka mvuke. Akakigandamiza kifuniko kwa nguvu ili nzi wasipate pa kupita, akatoka mbio.

Aliporudi alimkuta baba ameibana sufuria kwa magoti, jasho linamtiririka. Kifuniko kilikuwa kimezama ndani ya ukingo, hakitikisiki. Mjomba wa Chapuchapu akaipokea, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaishia kuanguka chali na sufuria kifuani. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, ingawa njaa ilikuwa inawauma wote. Kisha akamuuliza Chapuchapu kama alikifunga kile kifuniko. Chapuchapu akasema hapana, alikiacha wazi kama alivyoagizwa.

Mjomba akaenda kuleta nyundo na patasi. Hapo Chapuchapu akaikodolea macho patasi. Sufuria ile iliachwa na marehemu bibi, na mama aliisugua kwa mikono yake mwenyewe, hakumwamini mtu mwingine. Mama aliingia patasi ikiwa imeshawekwa ukingoni.

"Mama, ni mimi," Chapuchapu akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilikifunga kabisa wakati mvuke bado unatoka. Nimemdanganya baba."

Mama akamwambia mjomba aweke nyundo chini. Akairudisha sufuria jikoni kwenye moto mdogo, akawataka wote wasogee nyuma. Haukupita muda, kifuniko kikacheza, kikatoa pumzi. Mama akakinyanyua kwa kitambaa bila hata kukunja uso.

"Mvuke ulijaa juu ya maharage," akawaeleza. "Ulipopoa ukageuka maji, ndani pakabaki hewa kidogo tu. Hewa ya nje ikawa na nguvu zaidi, ikakikandamiza kifuniko. Nilipopasha, mvuke ukajaa tena na kukisukuma juu."

Mjomba akajitetea kwamba, kumbe, hakushindwa na sufuria, alishindwa na hewa ya dunia nzima.

Wakati wa kula, Chapuchapu alisimama mlangoni kwa aibu. Baba akaupigapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa.

"Kukosea hakukuniudhi, mwanangu," akamwambia. "Ulituficha ukweli, ndiyo maana tukahangaika na nguvu bila kujua tatizo. Uliposema kweli, mama yako alijua la kufanya papo hapo. Siku nyingine usingoje mpaka nyundo ije."

Chapuchapu akaitikia, akakaa karibu naye, na baba akamsogezea sahani.