Sauti ya Nne

"Sasa nnakwenda wapi na kitu hichi, ya Rabbi?"

Zakiya alijisemea kwa Kiswahili, maana katikati ya Ruwi, mjini Maskati, Alhamisi jioni, nani angemwelewa? Fundi wa redio, Mhindi mwenye miwani, alikuwa ameshamrudishia bati lake lenye utepe wa zamani wa sauti huku akicheka. Mashine za kuchezea tepe za duara alizitupa miaka mingi iliyopita. Nje watu walipigana vikumbo na mifuko ya nguo, teksi zilipiga honi, na harufu ya udi ilichanganyika na ya kuku wa kuchoma.

"Lete kwangu," sauti ilimjibu nyuma yake, kwa Kiswahili.

Bati nusura limponyoke. Aligeuka, akamwona kijana mrefu mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, kofia ya viua imelala upande, kalamu tatu mfukoni.

"Ulikuwa ukinisikiliza?"

"Umesema mwenyewe, bibie. Mimi nilikuwa napita." Aliinama akanusa bati. "Linanuka siki. Utepe huu unakufa. Ni wa mwaka gani?"

"Sitini. Baba alikuwa Unguja. Akiweka maikrofoni mbele ya redio, akirikodi nyimbo za Kimarekani."

Jina lake lilikuwa Sleiman. Alizaliwa Tabora, akaja Maskati na wazazi wake akiwa na miaka kumi, na sasa alifanya kazi katika studio ndogo iliyohamisha kanda za zamani kwenye sidii. Zakiya, mwalimu wa hesabu, alivuta shela yake nyeusi yenye ukingo wa zambarau, akamkabidhi bati na namba ya simu ya nyumbani. 

Simu ya kwanza ilikuja Jumamosi.

"Bi Hesabu, hujambo?"

"Nnasahihisha madaftari. Unataka nini?"

"Nimefika wimbo wa pili. Kuna mtu anapiga fidla utadhani anakimbizwa na mbwa. Halafu anakuja bwana mmoja kutangaza unga wa ngano, anausifu kama mchumba wake."

"Umenipigia kwa hilo?"

"Hapana. Nimekupigia nisikie utakavyonifokea."

"Nyie watu wa bara mna muda wa kupoteza," alisema Zakiya, lakini hakukata simu. Waliongea dakika arobaini.

Siku ya tano alimwambia jambo lililokuwa likimsumbua. "Sleiman, masikio ya Baba yanakwisha. Daktari kasema labda mwaka mmoja tu. Toa kelele zote humo. Toa na maneno maneno, ubakishe nyimbo peke yake, asipate taabu."

"Kwa ajili yako, habibti, nitafuta hata vumbi la Unguja."

Alifanya hivyo kweli. Utepe ulicheza mara moja tu, kisha ukavunjika kama papadi, vipande visivyounganika. Lakini sauti ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Akakata, akasafisha, akaichoma kwenye sidii. Kompyuta ya studio ilikuwa na nafasi ndogo, basi ile sauti chafu ya mwanzo akaifuta, kama alivyozoea.

"Nataka kuleta wazee kwenu," alimwambia siku alipompa sidii.

Zakiya aliitazama ncha ya kiatu chake. "Ngoja Baba asikie nyimbo zake kwanza. Akifurahi, hatakukatalia kitu."

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Sleiman alikaribishwa nyumbani kwao Bawshar. Mzee Harub alikuwa amevaa kanzu mpya na kujifukiza udi, kama mtu anayekwenda harusini. Alikaa karibu kabisa na spika. Fidla ililia, banjo ikaitikia, wanaume wakaimba habari za treni, na makofi yakapigwa. Wimbo wa kwanza ukaisha.

Mzee aliinua mkono kuwanyamazisha. Alifumba macho, akatabasamu, midomo ikajiandaa kutamka kitu.

Wimbo wa pili ukaanza.

Mkono wake ulibaki hewani. "Rudisha nyuma."

Sleiman alirudisha. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Yuko wapi?" aliuliza Mzee Harub.

"Nani, Baba?"

"Mama yako."

Mwanamize, mama yake Zakiya, alifariki binti huyu akiwa na miezi sita. Ilibaki picha moja tu, imefifia uso.

"Hapa," Mzee alisema, akigonga spika kwa kidole. "Wimbo ukisha, ananita. 'Harub, njoo ule, wali unapoa.' Hapa! Sikukwambia, Zakiya, nilitaka umsikie mwenyewe. Sauti yake haipo popote duniani ila humo."

Sleiman aligeuka rangi. "Kulikuwa na mwanamke..." alisema polepole. "Akimwita mtu. Nilimkata."

"Sauti yake ikoje?" Zakiya alimshika mkono wa kanzu, akasahau kwamba babake anaona. "Wewe umemsikia! Nyembamba? Nzito? Niambie!"

"Sikuisikiliza, Zakiya. Nilikuwa nafuta."

Mzee Harub aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Taratibu ile ndiyo iliyoumiza. Zakiya aliitoa sidii, akamrudishia Sleiman bila kumtazama.

"Nenda."

Wiki sita simu ililia nyumbani bila ya kupokewa. Zakiya hakuwa na hasira na Sleiman kama Sleiman alivyodhani. Aliyesema 'toa maneno maneno' ni nani? Angepokea simu, ingembidi aseme kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza mamake afutwe. Wala yeye hakuwa amemwambia Baba. Mezani walikula, kila mmoja akimpakulia mwenziwe nyama iliyo bora.

Kisha, Jumatatu moja, karani wa shule alimwita ofisini. Kuna simu, ya dharura.

"Usikate," Sleiman alihema. "Nakuomba. Wale wa Marekani ni watatu."

"Watatu nini? Umenitisha, nimedhani Baba!"

"Waimbaji! Nisikilize. Nilikata maneno kati ya nyimbo, lakini chini ya nyimbo sikuweza kukata. Nikasema, kama sauti ya nyumba yenu imebaki popote, imebaki humo. Ila nitajuaje ipi ya redio na ipi ya Unguja? Mtangazaji alitaja tarehe, nami nilikuwa nimeiandika. Nikawaandikia watu wa chuo kimoja Marekani wanaohifadhi vipindi vya redio vya zamani. Jana wameniletea kaseti. Kipindi kile kile, Zakiya! Unga ule ule wa ngano!"

"Halafu?"

"Wimbo wa nne, kiitikio. Kwao wanaitikia watatu, wanaume wote. Kwenu wanaitikia wanne."

Zakiya alikaa kwenye kiti cha karani, karani bado amekikalia nusu.

"Nilidhani ni mwimbaji wao," Sleiman alisema. "Siku zote nilidhani ni Mmarekani. Ndiyo maana sikumgusa."

Jioni ile alikuja na kanzu yenye mikunjo na macho mekundu. Aliweka kaseti kwanza: wanaume watatu, safi, wa mbali. Kisha sidii. Mzee Harub alisogeza sikio lake lenye nafuu.

Fidla. Beti. Kiitikio.

Na pale, juu kidogo ya wanaume, karibu mno, ikatoka sauti ya mwanamke, maneno ya Kiingereza hayajui, anayaviringisha tu, anacheka katikati, anaendelea.

"Lahaula!" Mzee Harub alijishika kifua. "Mimi nilikuwa uani nakula! Nilimwachia mashine ailinde, asiingie paka. Miaka thelathini na minane... Mwanamize hakuimba mbele yangu hata siku moja. Akiona haya!"

"Tena," Zakiya alisema.

Sleiman alirudisha.

"Tena."

Mara ya nne Zakiya aliweka kiganja mdomoni. Maisha yake yote alikuwa amejitungia sauti ya mama: ya mtu mzima, nzito, ya kubembeleza. Hii haikuwa hiyo.

"Mdogo," alisema. "Baba, mbona ni mdogo? Huyu ni msichana tu! Ni mdogo kuliko mimi!"

"Ana miaka kumi na tisa hapo, mwanangu," alisema Mzee Harub, machozi yakiingia ndevuni. "Alikuwa mtoto. Sote tulikuwa watoto."

Walikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza.

"Mimi ndiye niliyemwambia afute," Zakiya alisema ghafla. "Si kosa lake. Mimi, Baba. Kwa ajili ya masikio yako."

Mzee Harub alimtazama bintiye, kisha akamgeukia kijana.

"Umenifutia mke wangu, ukamrejesha. Sasa nnasikia unamtaka na binti yangu?"

Sleiman alianza kupanga kalamu zake mfukoni.

"Nnakuuliza wewe. Au na wewe masikio yamekwisha?"

"Anataka, Baba," alisema Zakiya, kwa sauti iliyofika mpaka barazani. Akashtuka kuisikia.