Vuka Uje, Mama Nyanjige

Ngoma haina hatia, hatia i kwenye wito,
Kaita kisha kalia, kwa jina lililo zito.

Mwaka ule pamba ilikubali. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, na kila mtu wa Bariadi alijua neno hilo lina maana gani: magunia yakishapimwa na kuondoka, watu walioinama shambani tangu mvua za kwanza hunyoosha migongo, na mgongo ulionyooka hutafuta ngoma.

Wachezaji wa Ngulyati walikuwa Wagika, wa Sapiwi walikuwa Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyopingana tangu zamani, na kila kiangazi walikutana kwenye uwanja wa baraza pale Bariadi kumaliza ubishi. Pande zote mbili zilianza kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, katikati ukiwa umeachwa ukanda wa nyasi. Hapakuwa na mwamuzi ila miguu ya watazamaji. Aliyechoshwa na duara moja alivuka nyasi akaenda la pili, na jua lilipogusa vilima, mwanangwa, msimamizi aliyewekwa na mtemi, alikuja kutazama ni duara lipi limebaki na watu wamesimama. Hao ndio walioshinda, na hapakuwa na rufaa.

Masunga mwana wa Mashimba alikuwa manju wa Ngulyati, mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao. Sauti yake ilisifiwa mpaka Maswa, lakini mwaka uliopita Joakim wa Sapiwi alimtia aibu. Joakim alileta mwanasesere wa mti aliyevaa kofia ya askari, akamchezesha taya kwa kamba, na mwanasesere yule akatangaza kwamba Masunga anaimba vizuri sana, hata mbuzi wake wanakiri. Watazamaji walivuka nyasi wakicheka, na Masunga akabaki akiimba mbele ya mke wake na mbwa wa mtu.

Hilo lingesahaulika. Lakini masika yaliyofuata surua iliingia nyumba kwa nyumba, ikamchukua mtoto wake wa pekee, Nyanjige, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Binti huyo alipenda kucheza nyuma ya baba yake wakati wa mazoezi, njuga moja ikiwa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na siku zote alichelewa nusu pigo. Wengine walipokanyaga, yeye alikuwa bado hewani. Masunga hakumkemea hata mara moja. Alipunguza mwendo wa wimbo, akamngoja.

Alikufa alfajiri, kabla ya saa aliyozoea kuja kumwamkia mama yake. Mama huyo, Milembe, alimfunga mwenyewe ile njuga mguuni, kwa fundo ambalo kwao hufungiwa ndama, fundo lisilofunguka kwa kuvutwa, wakamzika nayo nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo watu walimhurumia Milembe kwa namna iliyomuumiza kuliko msiba. Kabla yake, kama ilivyo heshima ya mwanamke aliyezaa, hakuna aliyemwita ila Mama Nyanjige. Sasa wakawa wanalikwepa jina hilo kama mtu anavyokwepa kukanyaga kitanda cha mgonjwa. Wakarudia kumwita Milembe, kama msichana, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na mtoto. Ni Masunga pekee aliyeendelea kumwita Mama Nyanjige, tena ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini.

Kiangazi kilipokaribia, Masunga alimleta Maganga, mganga wa Shishiyu aliyejulikana kwa dawa za ngoma. Hapakuwa na siri katika jambo hilo. Hakuna manju aliyeingia uwanjani bila dawa ya mvuto, na Joakim, pamoja na ubatizo wake, alikuwa na yake. Maganga alimchanja Masunga kooni, akapaka ngozi ya ngoma, kisha akawaeleza mume na mke namna ya kuitumia. Dawa ile haikuvuta watu wengi. Ilimvuta mmoja, na wengi wakamfuata. Basi Masunga achague mtu ampendaye, mtu huyo akasimame upande wa wapinzani, kisha Masunga amwite kwa jina ndani ya wimbo. Akivuka huyo, wote watavuka.

Maganga alipokwisha kutundika mkoba begani, akageuka mlangoni.

"Jina liwe la mtu anayepumua," alisema.

Wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu masika. Nani tena kama si Milembe?

Asubuhi ya siku ya ngoma, Milembe alikuwa akimpaka mumewe mafuta mgongoni. Alipofika mabegani, mikono yake ilisimama.

"Mwana wa Mashimba, usiniite Milembe leo," alisema. "Niite kama unavyoniita humu ndani. Nataka nilisikie mbele ya watu."

Masunga alikaza njuga zake.

"Nitaliita," akasema.

Hawakuona ubaya. Jina lilikuwa lake, naye alikuwa akipumua.

Uwanja ulijaa kabla jua halijapinda. Wanawake wa Ngulyati walimsindikiza Milembe hadi kwenye ukanda wa nyasi, na Domitila, dada yake Masunga, akamwonya asije akanogewa na mwanasesere wa Joakim akasahau njia ya kurudi. Milembe alitabasamu. Akavuka, akajipenyeza katikati ya watu wa Sapiwi, akasimama.

Ngoma zilianza. Joakim alikuwa na watu wengi, kama mwaka uliopita, na mwanasesere wake alikuwa amepata meno mapya. Ng'ambo ya nyasi Masunga alianza polepole, kama mtu anayesafisha njia. Kisha akainua uso.

*Huko uliko si kwako,*
*vuka uje, Mama Nyanjige.*

Milembe aliufumba mkono kifuani. Alikuwa amelipata jina lake.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mcheza ngoma wa nchi ile analijua, na ambalo siku hiyo hakuna aliyelikumbuka. Waitikiaji hawarudii mstari mzima wa manju. Hushika mkia wake. Ngoma huwaachia nafasi finyu, nao hutia humo kile kinachoenea. Mstari wa Masunga ulikuwa mrefu kwa neno moja. Koo za Ngulyati zikalikata neno hilo bila kufikiri, zikaitikia kwa nguvu moja:

*Vuka uje, Nyanjige!*

Masunga alisikia. Milembe, ingawa alikuwa mbali, aliuona uso wake ukibadilika. Akaimba tena, akilikazia neno "Mama" mpaka likakwaruza. Ngoma haikungoja. Waitikiaji wakashika mkia.

*Vuka uje, Nyanjige!*

Milembe akaanza kutembea. Aliwaza kwamba akifika upesi, wito utakuwa umeshapata mtu wake. Nyuma yake alisikia watu wa Sapiwi wakimfuata, kwanza wachache, kisha wote. Mwanasesere alianguka chini, taya wazi. Hakuna aliyemwokota.

Katikati ya nyasi alisikia njuga.

Njuga zilikuwa nyingi uwanjani, zikipiga pamoja. Hii ilikuwa moja. Ilipiga zikiisha kupiga zote.

Nusu pigo nyuma.

Milembe hakutazama chini. Aliwatazama watu wa Ngulyati waliokuwa mbele yake, nao hawakuwa wakimtazama yeye. Walitazama kando ya goti lake la kushoto. Domitila alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Kitu kidogo kikamshika kidole. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na udongo.

Watu wote uwanjani walikuwa wamesalimiana kwa salamu ya alasiri, *mwadila*. Sauti iliyotoka chini yake ilitoa salamu ya asubuhi, ikimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Ndiyo ile salamu ambayo mtoto hakuwahi kuitoa siku aliyokufa. Mzazi hanyimi mtoto mwitikio.

"Mwangaluka, mwanangu," Milembe alinong'ona.

Wakaingia ndani ya duara. Watu wakarudi nyuma. Ngoma moja ikanyamaza, halafu ya pili. Maganga, aliyekuwa amesimama nyuma ya wapiga ngoma, akamsogelea Masunga na kumnong'oneza asiache kuimba, kwa maana wimbo ukikatika, aliyeitwa atabaki hapo asijue njia. Masunga akaimba. Machozi yalimwingia mdomoni, akaimba nayo.

"Nimevuka," mtoto alisema. "Nani atanisindikiza kurudi? Njiani ni giza, mayu."

Mgeni husindikizwa. Hata wa nyumba ya pili, humwachi aondoke peke yake. Milembe hakuhitaji kufikiri. Alikikaza kile kidole.

"Mimi," alisema. "Jina lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeomba."

Masunga alikwisha kufika. Alipiga magoti, akautoa ule mkono mdogo ndani ya mkono wa mkewe, taratibu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Hapo tu ndipo alipouacha wimbo, kwa pumzi moja.

"Sauti ilikuwa yangu, Mama Nyanjige," alisema.

Akasimama. Akaanza kuimba upya, na safari hii aliimba polepole sana. Alipunguza mwendo wa wimbo. Akangoja. Na njuga moja, kwa mara ya kwanza, ikapiga sawasawa na mguu wake.

Wakatoka nje ya duara, wakashika njia ya mashamba. Hapo ndipo watu walipokimbia, Wagika na Wagalu, wakikanyaga ngoma zao. Maganga aliacha mkoba wake. Milembe alitaka kuwafuata, lakini mguu wake wa kushoto haukuinuka. Alisimama akisikiliza sauti ya mumewe ikipita kwenye mabua ya pamba, ikipungua, ikiwa uzi.

Kisha haikuwapo.

Masunga alitafutwa hadi mpakani mwa Maswa. Nyayo zake ziliingia shambani na kuishia mahali ambapo udongo ulikuwa laini na mzima, na kando yake hapakuwa na nyayo nyingine. Kaburi la nyuma ya nyumba halikuguswa. Lakini kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa Milembe, ambaye hakuinama, wala hakuna aliyemgusa mguu uwanjani pale, ilikutwa njuga ndogo iliyojaa udongo mwekundu. Ilifungwa kwa fundo la ndama. Fundo lilikuwa lake mwenyewe, na mpaka anazeeka hakuweza kulifungua.

Jioni ile, jua lilipogusa vilima, mwanangwa alikuja uwanjani kutimiza kazi yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfikishia habari. Alitazama upande wa Joakim. Hapakuwa na mtu. Alitazama upande wa Masunga.

Alikuwa amesimama Milembe.