Maji Yalifika Hapa

Umeme ulikatika mshonaji akiwa wa tatu kwenye foleni ya duka la fotokopi. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, ovaroli imetapakaa rangi, na bila haya akaanza kusoma karatasi aliyoishika dada wa watu. Mkutano wa mtaa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule, wote mnakaribishwa.

"Samahani dada," akasema. "Hii watafungia karanga."

Mshonaji akageuka amwashie moto. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, pini mbili bado zimechomekwa kolani, na macho yake, jamani, yalimfanya kijana asahau utani. Akajieleza harakaharaka kwamba yeye hupaka rangi nyumba na mabango, na kwamba mtu hatoki kwake kwa ajili ya neno tabianchi. Hutoka kwa ajili ya kitanda chake. Mvua za zamani zililowesha viatu, za siku hizi zinaingia mpaka chumbani. Kwa nini wasipake mstari wa buluu kwenye kila nyumba, pale maji yalipofika mwaka jana? Umeme ukarudi, foleni ikasogea, wao wakabaki wanazungumza.

Wiki mbili zilipita kama usingizi wa mchana. Mshonaji alibisha hodi na kuomba ruhusa, kijana akafuata na kopo lake. Wenye nyumba walionyesha kwa kiganja, mmoja gotini, mwingine kiunoni, na mstari ukaenda ukutani taratibu, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima ukaonekana kama umezama kwenye maji matulivu. Kijana alimwita Kiongozi, naye akamwita Brashi. Jioni simu zilikuwa haziishi. Akimuuliza Brashi kama amekula, hujibiwa kwamba ameshiba sauti yake, naye hucheka peke yake juu ya cherehani.

Lakini chini ya raha hiyo kulikuwa na hofu. Mwaka jana mshonaji alimtoa mama yake ndani kwa kumbeba mgongoni. Alitaka watu wajae Jumamosi, wakubali kuzibua mtaro mkuu na kupanda miti bondeni kabla mvua hazijarudi. Wasipokuja, hakuwa na njia nyingine.

Jumatano, safu ya nyumba za kwao ilipopakwa, yeye alikuwa kazini akimalizia sare za shule mpaka usiku. Alhamisi jirani muuza ndizi akamuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, mbona nyumba zote zimepakwa isipokuwa ya mwenye mkutano. Mshonaji akatazama ukuta wa kwao. Ulikuwa mweupe, safi kabisa. Kufikia jioni neno lilikuwa limeenea: mstari wa kwao anauficha, wetu anautangaza.

Akapiga simu.

"Brashi, kwetu mbona hukupaka?"

"Nilisahau."

"Ulisahau nyumba ninayolala?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi wako nani? Umenifanya kichekesho cha mtaa."

Akakata. Kijana alipiga mara saba, hakupokelewa. Mshonaji alilia na shati la mteja mapajani, akajiambia machozi ni ya mkutano. Hayakuwa ya mkutano peke yake.

Jumamosi walipanga viti themanini. Walikuja watu kumi na mmoja, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa muuza ndizi, na swali lake lilelile. Ndipo Brashi, ambaye hakualikwa, akasimama nyuma kabisa na kusema kosa ni lake, alisahau, wasimlaumu dada.

"Kijana huyu anadanganya kwa adabu," ikasema sauti mbele. Alikuwa mama yake mshonaji. Aliinuka polepole, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, akaeleza bila kumtazama binti yake. Alikuwa na mpangaji anayekuja kuangalia chumba cha mbele, akaogopa mstari ungemkimbiza. Alimsihi kijana airuke nyumba ile, na akamwapisha asimwambie mtu. "Nimemwaibisha mwanangu kwa ajili ya chumba. Njooni."

Akatangulia, wote wakamfuata. Watu walitoka milangoni kuuliza kuna nini, wakaungana. Mbele ya ukuta mweupe mama akaweka kiganja usawa wa kifua chake.

"Maji yalifika hapa."

Muuza ndizi akainamisha kichwa. Mkutano ukafanyikia palepale, barabarani, na mpaka saa sita watu sitini na wanne walikuwa wamejiandikisha kuzibua mtaro. Mpangaji alipita, akautazama ukuta, akaenda zake. Mama akasema basi, na aende.

Watu walipotawanyika, Brashi alikuwa bado anavuta mstari. Mshonaji akasogea karibu.

"Siku mbili nakutukana moyoni. Ungeniambia."

"Nilishaapa."

"Ukakubali kunikosa?"

"Ningemvunjiaje kiapo mtu ninayetaka awe mama mkwe wangu?"

Jua lilikuwa kali, rangi mbichi inang'aa, na moyo wa mshonaji ukajaa mpaka akaona aibu kupumua.

"Unaniposa, au unanipa taarifa?"

"Nakuposa."

"Nimekubali," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Lakini mtaro uzibuliwe kwanza, Brashi. Sitaolewa nimepandisha gauni magotini."