Udi wa Swalha

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Darajani pale nilishamkimbiza mwizi kwa mwiko wa pilau, nikamtoa jasho. Kwa hiyo nikikwambia niliogopa, niamini.

Mwaka 2006, Guangzhou, Uchina. Magharibi inaingia, nami niko Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, nimefuata gauni la harusi la binti yangu Swalha. Ndege yangu ilikuwa usiku uleule. Harusi Ijumaa, na mimi mwenyewe ndiye wa kumpamba. Kupamba maharusi ndiyo kazi yangu ukiacha duka langu la mawigi, na nilishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakuna mkono mwingine utakaomgusa mwanangu. Mkobani nilikuwa na kifuko cha udi wa kumfukizia.

Fundi, Mchina mmoja mnene, akaonyesha juu kwa kidole. Gauni liko kwa mtia shanga. Nikapanda ngazi. Kelele za vyerehani zikafifia... zikafifia... zikakatika.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya machinjioni ikanipiga puani. Chini, juu ya mkeka, amekaa mwanamke, kavaa joho juu ya joho, uso kaupaka unga mweupe. Nyusi amezinyoa, akachora nyingine juu kabisa ya paji. Mbele yake mstari wa vichwa vimewekwa juu ya vibao, vina nywele ndefu nyeusi.

Mawigi! Ndivyo nilivyodhani. Mwenye duka la mawigi akiona kichwa juu ya kibao, anaona biashara. Tena zile zilikuwa nywele za mtu, si nailoni. Nikasahau hata gauni.

"Laopan," nikamwita, maana kule kila bosi ni laopan. "Nywele hizi wauza?"

Akanusa hewa. Akautazama mkoba wangu.

"Umekuja na udi," akanong'ona.

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, cha bibi yangu hasa.

Ningeondoka palepale. Lakini ugenini mtu akikusemesha lugha ya kwenu, moyo unalegea. Akanisogezea kitana cha mti na chetezo chenye moto.

"Wajua kupamba?"

"Hee! Waniuliza mimi?" Maringo haya yataniua siku moja. "Mimi ndiye Mwanahija. Kwetu mpambaji akishagusa kichwa, haondoki mpaka kazi iishe."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa meusi tii, yote, yanang'aa.

Nikakichana kichwa cha kwanza, nikakifukiza udi. Nikakishika kwa chini nikigeuze...

Laini.

Nikatazama vizuri. Kope. Ndevu changa. Jicho moja limegeukia kushoto, kwangu.

Ayatul Kursi naijua tangu chuoni, siku ile ilinikwama mwanzoni kabisa. Nikageukia mlango.

Ukuta mtupu.

Simu ikalia mkobani. Nilijua ni Othman, wakala wangu wa mizigo, yuko chini na teksi. Vidole vyangu vikakataa kukiachia kitana.

"Hujamaliza," yule mwanamke akanong'ona. "Bwana anakuja kuwakagua. Hawa ni watu wa cheo, wasionekane wachafu."

Basi nikachana. Nikafukiza. Yeye akawapaka weusi menoni kwa brashi, akamfunga kila mmoja kikaratasi cha jina kwenye nywele. Nilikuwa nalia huku nafanya. Mawazo yote kwa Swalha, kakaa chumbani ananingoja mama yake, na mama hatokei. Mwisho wa mstari kulikuwa na kibao kitupu.

"Na hiki?"

"Huyo hajafika."

Mara udi ukaisha. Nikakikung'uta kifuko, likanitoka neno la madukani kule.

"Meiyou. Hakuna. Udi umekwisha."

Akakinusa kile kifuko kitupu.

"Basi kalete. Uje umalizie."

Vidole vikafunguka. Nikajikuta ngazini, vyerehani vinanguruma, Othman anagomba: "Bi Mwanahija, ndege itakuacha!" Gauni sikulichukua.

Ndani ya ndege nilikaa na Théodore, Mkongo aliyewahi kufundisha historia. Nikamsimulia.

"Hiyo ni Japani ya kale, mama, wakati wa vita vya panga," akasema polepole. "Wanawake waliosha vichwa vya maadui, wakavichana, wakavifukiza. Vya wakubwa vilipakwa weusi menoni, ndipo mkuu avikague. Ilikuwa heshima."

"Na Guangzhou wametafuta nini?"

"Hapo hata mimi sijui. Lakini udi waliupenda sana."

Ijumaa ikafika. Dada yangu Kazija akaniambia nipumzike, yeye atampamba. Nikakataa. Kiapo ni kiapo. Nikanunua udi mwingine, nikauwasha, nikaanza kumchana mwanangu. Moshi ukajaa chumbani... na ndani ya moshi, harufu ya machinjioni.

"Mama," Swalha akanong'ona, "mbona wanifunga karatasi?"

Nikaitazama mikono yangu. Kikaratasi kilishafungwa kwenye nywele zake. Na mkononi nimeshika kile kitana cha mti.

Nikakirarua kile kikaratasi, nikatoka mbio, Kazija akamalizia. Tangu siku hiyo sijampamba mtu, na udi haukanyagi kwangu. Swalha ni mzima, alhamdulillahi, ana watoto. Habari hii sijamwambia hata chembe.

Lakini akiwa kwangu, na jirani akifukiza udi magharibi, Swalha hujishika shingo, akanitazama kwa jicho moja tu, limegeukia kushoto.

"Mama," huniuliza taratibu, "bado hujaenda kumalizia?"