Sita ya Kemia

Mpelelezi hakuwa na ofisi, hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi wa kumtuma huku na kule. Hata kofia ya kutishia watu hakuwa nayo. Alikuwa askari mstaafu, na chuo kikuu kilimtumia kuchunguza malalamiko ya waombaji. Lalamiko lililomleta shuleni Jumanne hiyo asubuhi lilikuwa hili: msichana aliyepata tisini na nne katika kemia alinyimwa nafasi ya kusomea udaktari, kwa sababu chuo kiliandikiwa sitini na nne.

Karatasi yake ya mtihani ilikuwepo kabatini, na tisini na nne yake ya wino mwekundu haikuwa na ubishi. Likiwa ni kosa la shule, kanuni ya chuo ilimtaka msichana asubiri mwaka mzima na kuomba upya. Ikiwa ni hujuma, nafasi yake ingerudishwa mara moja.

Alianza na mwalimu wa taaluma. Binti wa mwalimu huyo ndiye aliyepewa nafasi ile.

"Unanishuku mimi, mzee mwenzangu?"

"Binti yako kafaidika."

"Shule ina walimu kenda, wote tuko hoi kwa kusahihisha. Nani ana nguvu za kuhujumu? Mimi husoma alama kwa sauti, karani anapiga chapa. Kayaulize masikio yake."

Karani alikuwa mama mdogo wa msichana. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, katika nyumba moja na bibi aliyepooza. Alimpokea mpelelezi huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nilikosea, baba. Mwalimu alisema tisa nne, nami nikasikia sita nne. Maneno yenyewe mapacha."

"Una hakika alisema tisa?"

"Kwa masikio yangu haya."

Mpelelezi alimwita mwalimu, akamwita na msichana. Akampa mwalimu ile karatasi.

"Soma kama unavyomsomea karani."

"Kenda, nne."

"Kila siku husema hivyo?"

"Tangu nianze kazi. Tisa na sita hugongana masikioni, basi tisa nimeiachia wengine."

Mpelelezi akamgeukia karani. "Tisa haikutamkwa humu, dada. Kwenye kenda uliisikiaje sita?"

Karani aliacha kulia papo hapo. Hakumtazama mpelelezi, alimtazama msichana.

"Mimi nilipata daraja la kwanza. Unalijua hilo? Nikabakizwa nyumbani kumgeuza bibi yako kitandani. Leo na wewe uende, mimi niendelee kunuka mkojo peke yangu?"

"Ungeniomba, mama mdogo."

"Ningekuomba, ungebaki?"

Msichana aliichukua karatasi yake mkononi mwa mwalimu.

Mpelelezi aliandika barua yake palepale, akamsogezea msichana pamoja na bahasha.

"Lalamiko ni lako, mwanangu. Barua hii ikienda, utasoma, naye atafukuzwa na kushtakiwa. Ukiliondoa, itabaki kuwa kosa, na utasubiri."

Mwalimu alijifanya anatafuta miwani yake.

"Na bibi atageuzwa na nani?" karani aliuliza taratibu.

Msichana aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja. Alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatoka mwenyewe kumpa tarishi.