Kamera ya Mama Pasi

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Kabla majirani hawajamaliza chai ya asubuhi, pasi yake ilikuwa imeshapata moto. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka la dobi. Kulikuwa na meza ya pasi, kaunta ya kupokelea wateja, na nguo zimetundikwa ukuta hadi ukuta. Kwa kunyoosha kola hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alilijua hilo.

Msaidizi wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Huu ulikuwa mwaka wa sita wanafanya kazi pamoja. Walitaniana kutwa, kama mawifi wanavyotaniana, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa duka.

Kisha nguo zikaanza kupotea. Kwanza koti jeusi. Baada ya wiki, blauzi ya kijani. Halafu koti la kijivu. Mama Pasi alipekua kila kona asione kitu. Wateja wakaanza kununa. Mlango haukuvunjwa, na funguo ni mbili tu, mmoja anao yeye mwenyewe. Roho ilimuuma, maana alimpenda wifi yake. Lakini alikata shauri: mwisho wa mwezi atamwomba arudishe ufunguo na asije tena.

Mumewe alikataa katakata kumfukuza dada yake kwa kudhania tu. Alikwenda mjini, akarudi na kamera mbili na sanduku la kuhifadhi picha. Hakutaka kumwita fundi. Yeye ni seremala, na kwa maoni yake mtu anayejua kutengeneza kabati hawezi kushindwa na kamera. Moja aliifunga juu ya meza ya pasi. Ya pili aliifunga nyuma ya kaunta, ikitazama mlango. Sanduku aliliweka juu ya kaunta, kila mtu alione.

Siku ya nne kikapotea kizibao cha bluu. Wakafungua picha, roho juu. Kamera ya meza ilionyesha ukungu mtupu, kwa sababu ya mvuke wa pasi. Ya mlango ilionyesha watu weusi tii, hawana sura, kwa sababu mwanga wa nje uliipiga machoni. Tena kuanzia saa tano haikuonyesha hata hao. Ilionyesha suruali. Mama Pasi alikuwa ameona chuma cha kamera kimetokeza ukutani, naye ni dobi, akatundika nguo.

"Suruali tumeilinda vizuri sana," mumewe alisema.

Basi wakamwita jirani yao, mama mmoja ambaye kazi yake ni kufunga kamera. Alisimama katikati ya chumba, hakugusa hata waya.

"Mnataka kamera iwaonyeshe nini?" aliuliza.

"Mwizi," Mama Pasi alijibu.

"Mwizi hamumjui bado. Niambieni mahali. Nguo zinaingilia wapi na zinatokea wapi?"

Mama Pasi alionyesha kaunta.

"Basi hapo ndipo pa kuangalia. Nyuso za watu na mikono yao."

Fundi aliihamisha kamera moja hadi ukuta wa pembeni, mahali ambapo mwanga wa mlango hauipigi wala mvuke hauifikii. Aliifunga juu kidogo ya kichwa cha mtu, ili sura ionekane na mkono usiifikie. Ya pili aliifunga nje, chini ya paa. Ilipochukua na ua wa jirani, aliigeuza itazame mlango wao tu. Ya jirani hayawahusu, alisema. Sanduku la picha alilitoa kaunta, maana mwizi akiliona huondoka nalo pamoja na picha zake. Likawekwa chumbani, kwenye kabati yenye kufuli na matundu ya hewa. Saa ya sanduku ilikuwa nyuma miaka miwili, akairekebisha. Neno la siri lilikuwa bado lile la kiwandani, moja mbili tatu nne. Aliwataka waweke refu, wanalolijua wao tu.

Kisha alimtuma mume achukue shati kaunta atoke nalo. Walipotazama picha, hata vifungo vilionekana. Mwisho akabandika tangazo mlangoni: HAPA PANA KAMERA. Wifi alilisoma, akarudi kwenye pasi.

Jumamosi likapotea shati jeupe. Mama Pasi aliwaita wote wawili, mume na wifi, wakatazama pamoja. Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Wateja wamejaa kaunta. Mikono iliyoonekana ilikuwa ya Mama Pasi mwenyewe. Alikuwa amelitundika shati ndani ya koti, nguo mbili hanga moja, kama alivyozoea miaka yote ili asinunue hanga nyingi. Akafunika nailoni, akampa mwenye koti. Mteja akaondoka na vyote viwili.

Alimpigia simu mteja yule. Shati lilikuwa kabatini kwake, nailoni hajaifungua. Wakaita na wateja wengine, mmoja mmoja. Kufikia Jumatatu nguo zote zilikuwa zimerudi, isipokuwa koti la kijivu. Aliyelichukua alikuwa safarini, akaahidi kulileta.

Mama Pasi alizima pasi. Machozi yalimlengalenga.

"Wifi, nilikushuku wewe."

"Najua." Wifi alitoa ufunguo wa duka mfukoni. Ulikuwa peke yake, umeshatolewa kwenye funguo zake nyingine. "Niliutoa siku ile kaka alipoleta kamera. Nilikuwa nangoja uniombe."

Mama Pasi alishikwa na haya, hakuupokea. Aliingia chumbani, akarudi na ufunguo wa kabati ya picha, akamtilia mkononi pamoja na ule wa duka.

"Kaa nazo zote," alisema. "Na neno la siri nitakuambia."

Wifi alizipokea funguo. Kisha akazifunga pamoja na nyingine zake.

"Sasa kanunue hanga, wifi."

Mama Pasi alikwenda mwenyewe, akarudi na hanga mia moja.